Samaki wa Jumanne na Alhamisi

Jumanne, 7 Oktoba

Nilimaliza kuparua magamba saa mbili. Ngege kumi na wanne, wale samaki wapana wa ziwani, kwa watoto arobaini na mmoja. Makala yalikuwa yamelowa, mbabula, jiko letu la makaa, ikatoa moshi nusu saa nzima. Vichwa nilivikata nikavitia kikapuni mwangu kama kawaida. Mtoto wa miaka mitatu atafanya nini na kichwa cha samaki? Mpishi ana haki yake. Miaka minane sasa, hakuna aliyewahi kuuliza.

Nikakaanga. Nyanya, kitunguu, mafuta ya mawese, bugali laini pembeni.

Saa tano na nusu Gloire akakwamwa na mwiba. Ana miaka mitano, mlafi, anameza bila kutafuna. Alikohoa, macho yakamtoka, mate yakamjaa mdomoni. Nilimsukumia tonge la bugali, mwiba haukushuka. Masera, mtawa anayeongoza shule yetu ya watoto wadogo hapa Mudzipela, alimbeba akapanda naye pikipiki hadi kituo cha afya. Walirudi kabla watoto hawajatawanyika. Muuguzi aliutoa kwa koleo dogo. Gloire alirudi na mwiba wake ndani ya karatasi, akawa anauonyesha wenzake kana kwamba ni medali. Masera hakucheka.

Nilifagia jiko mara mbili kabla ya kwenda nyumbani.

Jumatano, 8 Oktoba

Masera aliniita ofisini, akanipa kiti. Akikupa kiti, ujue mambo ni mabaya. Anataka maharagwe kila siku, samaki basi.

Nilibisha. Mwezi uliopita muuguzi alikuja kupima watoto, akasema maharagwe peke yake hayawatoshi wale wanaotoka kambi ya wakimbizi. Yai au samaki. Mayai tunayaona Noeli na Pasaka. Kwa hiyo ni samaki. Nikamtajia Mave.

Mave ana miaka minne. Alikuja mwezi wa saba na bibi yake kutoka kando ya ziwa, wakikimbia bunduki, na sasa wanaishi kambini chini ya turubai. Miguu yake imevimba, nywele zimekuwa nyepesi na nyekundu kama nyuzi za mahindi. Maharagwe anakula kidogo. Samaki hamgusi. Halii, hasemi, anaangalia sahani tu mpaka wenzake wamalize. Muuguzi alisema asipopata chakula cha kujenga mwili uvimbe utapanda, na ukikaribia magoti atalazwa hospitali. Na wanaofika huko wakiwa hivyo, si wote wanaorudi. Alilisema polepole, lakini alilisema.

Masera akanipa hadi mwisho wa mwezi. Samaki asiye na mwiba, na sahani zirudi tupu. Mtoto mmoja akikwamwa tena, tunafunga. Ni haki kabisa, na nilikasirika kabisa.

Alhamisi, 9 Oktoba

Leo ndakala, vidagaa vikavu. Nilifikiri: miiba yao ni kama nywele, nikivisaga mwiba utatoka wapi? Nilivikaanga bila mafuta, nikatwanga, nikachekecha, nikatia ndani ya uji. Uji ukawa rangi ya maji ya mtaro.

Watoto waliziba pua. Wote, pamoja, kama walifundishwa. Gloire akasema, "Uji inanuka kamba ya mashua," na sijui mashua aliiona wapi. Vikombe thelathini vilirudi vimejaa. Nilionja jikoni nikiwa nimegeuka kwenye ukuta. Uchungu. Sikutoa matumbo ya wale samaki, nilikuwa na haraka. Kosa langu.

Mave hakugusa. Lakini leo hata wenzake hawakugusa, kwa hiyo haihesabiki.

Ijumaa, 10 Oktoba

Maharagwe. Kimya na amani.

Niliwaangalia wakila badala ya kufagia. Mtoto mdogo anapenda kitu anachoweza kushika kwa mkono wake mwenyewe. Anapenda kilicho laini ndani na kigumu kidogo nje. Anapenda rangi ya nyanya. Hapendi kuona uzi, mshipa, ngozi wala jani. Hapendi kuharakishwa. Miaka minane nimewapikia na leo ndiyo mara ya kwanza nakaa chini kuwaangalia. Niliona aibu kidogo, halafu ikapita.

Mimi ni mtu wa Butembo. Kwetu samaki tulimjua akiwa tayari ndani ya sufuria, amekauka kwa chumvi, ametoka mbali. Nilijifunza samaki mbichi hapa Bunia, baada ya ndoa, kwa kukosea. Mume wangu Mungu amrehemu alikula makosa yote.

Jumanne, 14 Oktoba

Leo nilishinda. Naandika hivyo hivyo bila kuona haya.

Niliwachemsha ngege ndani ya maji kidogo na ndimu na chumvi, nikawaacha wapoe. Nikatoa ngozi, nikachambua nyama kwa vidole, nikatupa mifupa. Nikaponda makemba yaliyoanza kuiva, zile ndizi kubwa za kupika, nikachanganya na nyama ya samaki, kitunguu kilichokatwa hadi kikawa kama si kitunguu, nyanya kidogo. Nikaviringisha vidonge vya ukubwa wa mdomo wa mtoto. Nikavikaanga. Mimi naviita bulete. Watoto wakaviita mipira, wakala, wakapiga sahani kwa vijiko wakitaka tena. Mtoto mmoja alilala na bulete mkononi.

Sahani thelathini na tisa tupu. Mmoja ana homa. Wa arobaini na moja ni Mave.

Nilisimama mbele yake na mwiko wangu nikiwa mwenye furaha, nikamwambia, "Kula mama, ni tamu, haina mufupa." Aliangalia bulete. Aliniangalia mimi. Akarudi kwa bulete. Hakugusa.

Mchana Masera akaniletea kitu ndani ya karatasi ya daftari. Mwiba. Mwembamba kama sindano ya kushonea. Aliupata kwenye bulete aliyoonja mwenyewe. Akasema, "Hii nimekula miye. Siku ingine itakula mutoto." Akauacha juu ya meza yangu akaenda.

Alhamisi, 16 Oktoba

Samaki hakuna. Jana kulipigwa risasi kwenye barabara ya Kasenyi, ile inayoleta samaki kutoka ziwani, magari yakarudishwa kwenye kizuizi cha askari. Sokoni watu hawakukimbia, walinunua tu chumvi na sabuni zaidi ya kawaida. Mama Zawadi, anayeniuzia samaki, alikuwa amekaa mbele ya meza tupu akipiga nzi wasiokuwepo. Nyuma yake alikuwa na samaki wachache wa juzi, wamekatwa vichwa tayari. Akanipunguzia. Nikafurahi, nikasema kazi imepungua.

Nilipowachemsha harufu ikajaa jiko lote. Ndimu tatu hazikusaidia. Nikawamwaga kwenye bakuli la Komando, mbwa wa mlinzi, pale pale uani, watoto wakiwa wanaosha mikono. Komando alikula kwa heshima zote. Watoto wakapewa maharagwe saa saba, wengine walishaanza kulia.

Nimemchukia Mama Zawadi leo. Kesho itapita, sina mwuzaji mwingine.

Ijumaa, 17 Oktoba

Muuguzi alikuja na mizani yake ya kuning'iniza. Mave uvimbe umevuka kifundo cha mguu. Ukibonyeza kwa kidole, shimo linabaki. Muuguzi alibonyeza, tukakaa tunaliangalia lile shimo sisi watatu, yeye, mimi na Masera, na Mave naye akaliangalia. Mwisho wa mwezi kama hakuna mabadiliko anampeleka hospitali.

Nilimwuliza muuguzi bibi yake Mave yuko wapi. Analima shamba la mtu, siku ya kazi anaondoka kabla jua halijachomoza. Watu wanamwita Koko Rebeka, kwa maana ya bibi. Sijamwona hata mara moja, Mave analetwa na watoto wakubwa wa kambini.

Jumapili, 19 Oktoba

Misa ndefu. Padri aliomba amani, watu wakaitikia amina ile ya kawaida. Barabara imefunguliwa, magari yanapita kwa msafara na askari mbele.

Vichwa vya Jumanne nilikuwa nimevikausha juu ya mbabula. Nimevipika leo na sombe, majani ya muhogo. Vitamu mno. Nilinyonya mpaka macho. Kichwa ndicho samaki mwenyewe, nyama ni ya kushibisha tu.

Jumanne, 21 Oktoba

Bulete tena. Safari hii nilichambua mara mbili, macho yananiuma. Hakuna mwiba, Masera alifungua kumi akiutafuta.

Wote wamekula. Mave hapana.

Basi nilikaa kando yake, nikamshika kidevu, nikamfungua mdomo kwa vidole vyangu viwili, nikaiweka ndani. Hakupigana. Aliiweka shavuni. Nikasubiri ameze. Akasubiri nichoke. Nilichoka mimi kwanza. Saa saba wakati wa kwenda nyumbani shavu bado limevimba, akatoka langoni, akainama kwenye mtaro, akatema, akajifuta mdomo kwa gauni.

Kwa dakika tano hivi nilimchukia mtoto wa miaka minne. Naandika kwa sababu ni kweli.

Jumatano, 22 Oktoba

Watoto ishirini na saba tu. Kutoka kambini hakuja hata mmoja.

Saa nne wanawake wanne walisimama langoni. Hawakupiga kelele, hawakuingia. Mbele yao mwanamke mzee, mwembamba, mrefu, kitambaa cha kijani kichwani. Masera akaniambia niende naye langoni. Yule mzee aliniangalia mikono kwanza.

"Weye njo mupishi?"

Nikasema ndiyo, Koko, ni mimi.

"Vichwa ya samaki iko wapi?"

Akaendelea, sauti ya chini kabisa, kama mtu anayeuliza bei.

"Siye kule ku ziwa, samaki yenye kuoza wanaikatia kichwa, juu mutu asione mashavu imekuwa mweusi. Samaki bila kichwa hatukule. Tunapatia imbwa. Mutoto wangu aliona mara ya kwanza alifika hapa, mulipika samaki haina kichwa. Akaona tena. Akaona mulipatia imbwa ile ile. Jana ameniambia, Koko, ku masomo wanatupatia chakula ya imbwa, na mama wa jikoni amenifungua mudomo."

Mwanamke mwingine nyuma yake akasema kwamba hata wao, wakimbizi, ni watu.

Masera aligeuka akaniangalia. "Mama Kavira, vichwa iko wapi?"

Nikasema viko nyumbani kwangu. Nikasema navila.

Hakuna aliyecheka. Ningefurahi kama wangecheka. Koko Rebeka alitikisa kichwa kidogo, kama mtu aliyekuwa anashuku mabaya zaidi na sasa hajui afanye nini na haya madogo. Akasema watoto watakaa nyumbani. Wakaondoka kwa mstari, mmoja nyuma ya mwingine, kwenye tope.

Jioni hii sikula. Ni aibu, si njaa iliyokosekana. Miezi mitatu mtoto anaketi mezani akiamini tunamlisha kama mbwa, na hakumwambia mtu, alikaa tu na kufunga mdomo. Na siku nilipomfungua kwa nguvu alitunza heshima yake shavuni hadi nje ya lango. Mimi nikamwona mkaidi.

Alhamisi, 23 Oktoba

Hakuna samaki leo, Masera amekataa. Amesema samaki hataingia jikoni mpaka mambo yatengenezwe na mimi ndiye wa kuyatengeneza.

Baada ya kazi nilikwenda kambini kwa miguu. Nilibeba sukari na nikaona haya ya kubeba sukari. Turubai la Koko Rebeka ni la tatu kutoka kwenye bomba. Alikuwa amerudi shambani, anaosha miguu. Mave alikuwa amelala mchana wote, majirani wakasema.

Nilimwambia kila kitu. Kwamba samaki walikuwa wazima. Kwamba kichwa nilikikata kwa sababu ya miiba na kwa sababu nakipenda, zote mbili, na ya pili ndiyo kubwa. Kwamba wale wa mbwa walikuwa wameoza kweli na mimi niliwanunua kwa ujinga, watoto hawakuwala. Kwamba sijui samaki. Hilo la mwisho lilikuwa gumu kuliko yote. Miaka minane naitwa mpishi.

Alinisikiliza hadi mwisho, akakausha mguu mmoja, akakausha wa pili.

"Mutu ya Butembo," akasema. Si kwa ubaya. Kama daktari anayetaja ugonjwa.

Kisha akauliza gari la samaki linafika saa ngapi. Kesho hana kazi ya shamba. Atakuja.

Ijumaa, 24 Oktoba

Saa kumi na mbili na nusu tulikuwa sokoni. Koko Rebeka hakuangalia bei. Alifungua mashavu ya samaki mmoja mmoja kwa kidole gumba, akanusa, akabonyeza mgongo, akaweka huku au kule. Mama Zawadi alianza kulalamika, halafu akaona anayecheza naye ni nani, akanyamaza. Tukaondoka na ngege kumi na sita, macho yao yanang'aa, mashavu mekundu. Sijawahi kupata samaki kama hao kwa Mama Zawadi. Kumbe wapo.

Masera alikubali, siku moja, kwa jaribio.

Koko akaniondoa karibu na sufuria. Hachemshi. Anampaka samaki chumvi, anamfunga kwenye jani la ndizi akiwa mzima, na kichwa chake, anamweka juu ya vijiti ndani ya sufuria yenye maji kidogo, mvuke unamwivisha. Nyama inatoka yenyewe kwenye mfupa, miiba mingi inabaki imeshikana na uti wa mgongo, haivunjiki. Mimi nilikuwa nachemsha na kukoroga, navunja miiba, halafu naitafuta kwa macho.

Miiba iliyobaki anaitafuta hivi. Anachukua nyama kidogo, anaiweka juu ya mgongo wa sahani ya bati, anaipitia kwa kidole gumba akikandamiza. Nyama inalainika kimya. Mwiba ukiwepo unakwaruza bati, unasikia kabisa, krr.

"Usitafute na macho. Macho inadanganyaka. Sikia."

Nilijaribu. Mara ya kwanza sikusikia kitu. Mara ya nne nilisikia. Nikautoa mwiba mdogo kama unywele wa kope. Nilifurahi kama mtoto, nikaficha.

Kabla ya kufanya bulete tuliwapeleka samaki darasani juu ya sinia, wote kumi na sita, kwenye majani yao, na vichwa vyao. Watoto wa kambini walikuwa wamekuja na Koko asubuhi, kumi na wanne, Mave kati yao. Koko akawaita waje waone. Wakaja. Wakagusa macho ya samaki. Gloire akataka kujua kama anaona. Koko akawafungulia mashavu, akasema kwa lugha yao na kwa Kiswahili pia, huyu ni muzima, huyu ni muzima, huyu pia. Mave alisimama nyuma. Alihesabu, niliona midomo.

Nyama tukaitoa mbele yao, na bulete tukaziviringisha mbele yao. Wale wakubwa wakaviringisha zao, zenye kona na pembe. Vichwa vilibaki kwenye sinia katikati ya meza. Koko aligawa nyama ya mashavu kwa vidole, kipande kidogo kwa kila aliyetaka, akasema ku ziwa hii ni ya wageni.

Wote wamekula. Wa kambini wamekula hadi kulamba sahani.

Mave hakula. Bibi yake mwenyewe alimwambia kula. Aliangalia chini. Koko akainua mabega, akaniambia tusimulazimishe. Lakini nilimwona Koko anageuza uso kwenye ukuta.

Jumapili, 26 Oktoba

Sina la kuandika. Nimechoka. Nilidhani nikijua kosa langu litakwisha siku hiyo hiyo, kama mtu anavyotoa jiwe kwenye mchele.

Kwenye Misa nilimwombea Mave na sikumwombea mtu mwingine. Usiku wa kuamkia leo kulisikika milio mbali, upande wa Mongbwalu au labda ilikuwa radi. Asubuhi kila mtu alisema radi.

Siku tano zimebaki za shule kabla mwezi kwisha. Muuguzi anakuja Ijumaa.

Jumatatu, 27 Oktoba

Maharagwe. Mave alikula vijiko vinne, nilihesabu. Masera anasema uso umeanza kujaa na si vizuri kujaa kwa namna ile. Gauni la mikono mifupi linambana.

Koko Rebeka yuko shambani hadi Jumatano. Kesho nitanunua samaki peke yangu. Nitafungua mashavu yote, Mama Zawadi apende asipende.

Jumanne, 28 Oktoba

Mvua tangu alfajiri, kisha jua. Ngege kumi na watano wazuri, wawili niliwakataa na Mama Zawadi akawarudisha bila neno. Jani la ndizi, mvuke, bati. Nilisikia miiba tisa. Nikawaonyesha watoto sinia, wakagusa macho, wamezoea sasa.

Niliketi kwenye benchi karibu na Mave. Si kwa ajili ya kumlisha, miguu ilikuwa inauma tu. Benchi ni fupi, magoti yangu yalifika kidevuni. Sahani yake ilikuwa na bulete tatu. Sikumwambia kula.

Alichukua moja. Hakuipeleka mdomoni mwake. Aliileta kwenye mdomo wangu.

Nikasema, "Hapana mama, ni yako." Mkono haukushuka. Mkono mwembamba, vidole vimevimba kidogo, mafuta yanatiririka hadi kwenye kiwiko. Watoto wa pembeni wameacha kutafuna.

Ndipo nikafikiri. Miaka minane katika jiko hili. Naonja nikiwa nimegeukia ukuta. Nakula nyumbani kwangu. Nawasimamia na mwiko mkononi, nawaambia ni tamu. Hakuna mtoto wa shule hii aliyewahi kuniona nikimeza chakula ninachompa.

Nikafungua mdomo. Aliiweka ndani taratibu, kwa vidole viwili, kama nilivyomfanyia yeye ile Jumanne, ila yeye hakunishika kidevu. Nikatafuna. Aliniangalia mdomo, halafu akaniangalia koo. Nikameza. Alingoja kidogo bado, kama mtu anayesubiri kuona itakuwaje. Haikuwa chochote. Nilikuwa nimekaa tu, machozi yananitoka na sijui kwa nini nayaandika.

Akachukua ya pili, akaing'ata pembeni. Akatafuna muda mrefu. Akang'ata tena. Akaimaliza.

Masera alikuwa mlangoni. Hakuingia. Baadaye niliona ameandika samaki kwenye ubao wa chakula, chini ya Alhamisi.

Ya tatu Mave aliigawanya katikati, nusu akala yeye, nusu akanipa mimi. Chumvi ilikuwa haitoshi. Ndimu ilizidi.